Zahanati za Songwe zipewe pikipiki za matairi manne

Malori yanayopita Tunduma, mkoani Songwe, hupeleka mafuta Zambia na Kongo, yakarudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Barabara ya TANZAM ni ya lami, reli ya TAZARA inapita hapohapo, na tangu 2019 Tunduma na Nakonde ya upande wa Zambia zina kituo cha pamoja cha mpakani. Lakini kifuku kikianza, mfuko wa mbolea uliotoka bandarini salama unaweza kukwama kilomita chache tu kabla ya kufika shambani.

Kilomita hizo ni za bodaboda. Kwenye miinuko ya Mbozi na Ileje udongo mwekundu hujaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Dereva anazima pikipiki, anaokota kijiti, anachokonoa. "Mama, shuka kidogo," abiria anaambiwa. Mama anakunja kanga, anashika viatu mkononi na kupanda kilima kwa miguu, huku pikipiki ikinguruma mbele yake na klachi ikinuka. Chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Momba na Mkwajuni, udongo ni mweusi, unanata, na gari likizama humo linasubiri trekta.

Mwenye afya atavumilia. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa Januari hana muda huo. Mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga 115 bila malipo mzazi huitiwa usafiri wa dharura, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022, na ni moja ya kazi nzuri zilizofanyika katika afya ya uzazi nchini. Simu inapokelewa vizuri. Tatizo linabaki kwa gari linalotakiwa kuvuka tope.

Chombo cha kuvuka tope hilo kipo. Watanzania wengi wanaijua pikipiki ya matairi manne kama burudani ya watalii Zanzibar, lakini wakulima wa Australia na New Zealand wameifanya punda wa shamba kwa miaka mingi. Siri yake iko kwenye tairi. Tairi la bodaboda ni jembamba na hujazwa upepo wa paundi 30 hivi, kwa hiyo linalikata tope na kuzama. La chombo hiki ni pana, linatosheka na paundi 5 au 6, linabonyea na kutawanya uzito juu ya tope. Injini ikisukuma magurudumu yote manne, chombo kinapanda kilima chenye utelezi na mkokoteni wa mgonjwa nyuma.

Hatari zake nazo ni za kweli. Honda ilianza kuuza aina ya matairi matatu mwaka 1970. Ilipinduka na kuumiza watu wengi mno hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubali kuacha kuiuza Marekani. Hata ya matairi manne hupinduka kwenye mteremko ikiendeshwa ovyo, ndiyo maana tangu Oktoba 2021 Australia hairuhusu kuuza mpya ya kazi isiyo na kinga ya kumlinda dereva inapopinduka. Songwe isinunue hata moja bila kinga hiyo, kofia ngumu na mafunzo.

Wapo watakaosema fedha za kununua vyombo hivi ziende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ijenge barabara. Barabara zijengwe, tena haraka. Ila mtandao wa njia za vijijini ni mrefu, na mimba haisubiri mkandarasi.

Jambo gumu zaidi ni matengenezo. Shirika la Riders for Health lilianzishwa na wapenda mashindano ya pikipiki, baada ya kuona barani Afrika pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa kwa hitilafu ndogo tu. Kununua chombo bila fungu la vipuri na fundi ni kuandaa chuma chakavu nyuma ya zahanati. Halmashauri tano za mkoa huu zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha bodaboda waliokwisha kuzijua njia hizo kinaweza kukopeshwa chombo kimoja, kibebe mbolea mchana kwa malipo na kilipwe na halmashauri kinapoitwa kubeba mgonjwa.

Jaribio lianze na zahanati mbili, moja milimani Ileje na nyingine bondeni Momba, kabla ya mvua za Novemba. Kila safari iandikwe: saa ya kuitwa, saa ya kufika, mafuta yaliyotumika, kilichoharibika na bei ya kukitengeneza. Madiwani wawe na daftari hilo mezani watakapokaa kupanga bajeti inayofuata.