Masalia ya memori yanavyoanika siri za simu yako

Umewahi kuhamia keja ukakuta droo ya aliyetoka imejaa risiti zake za benki? Kwa miaka, kerneli ya simu yako imeishi hivyo.

Kerneli, ule moyo wa Android, ikimaliza kutumia nafasi ya memori, haikuwa inaifuta. Kazi inayofuata inakuta masalia. Kerneli ikisahau kujaza hata baiti chache kabla ya kuijibu programu, masalia yanatoka na jibu: pengine kipande cha nywila, pengine anwani za kerneli yenyewe. Hizo anwani, msee, ndizo mdukuzi anasaka, maana kerneli hubadilisha makao kila ikiwashwa ili asiipate.

Dawa ya zamani? Waandishi wa programu wawe makini. Makini gani, na mistari ni mamilioni! Mwaka 2019, Linux 5.3 ilileta swichi ya kujaza sufuri kila nafasi inapotolewa. 2020 Google ikaileta kwenye Android 11. Kwa kazi nyingi, kasi inayopotea haifiki asilimia 1. Lakini kasi ndiyo huuza simu. Usalama hauonekani dukani.

Kwa hivyo ukienda Luthuli kutafuta simu ya mtumba, uliza ilitoka kiwandani na Android ngapi. Iliyopandishwa baadaye huenda bado ina kerneli ya kale.