Usalama wa Mitaa Usiachiwe Uvumi

Katika baraza za Mji wa Unguja, mazungumzo ya usiku aghalabu hayamaliziki bila ya kutajwa mtu aliyenyang'anywa mkoba, aliyetishwa kwa panga au aliyevunjiwa nyumba. Mtaa huu husemwa kuwa haupitiki baada ya sala ya Isha; ule husemwa ndiko watokako wahalifu. Ipi kati ya habari hizo ni ya kweli, na ipi imetiwa chumvi, mwananchi hana njia ya kujua. Hiyo ndiyo kasoro tunayotaka iondolewe.

Hofu ya wakaazi haikuzuka bure. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 893,169. Mji umetoka nje ya Ng'ambo ya zamani na kuenea hadi Fuoni na Tomondo. Mara nyingi nyumba hutangulia, na njia, taa na vituo vya polisi vikafuata nyuma. Penye kiza, na pale ambapo jirani hamjui jirani yake, mwovu hupata nafasi.

Mwezi wa Agosti 2013, wasichana wawili wa Kiingereza walipomwagiwa tindikali Mji Mkongwe, dunia nzima ilipata habari, na ilikuwa haki ipate. Lakini mama anayejeruhiwa na kuporwa katika kichochoro cha Ng'ambo naye ana haki hiyo hiyo, na uchungu wake usiishie barazani.

Mfano mwema tunao. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutangaza hesabu za matukio ya udhalilishaji wa wanawake na watoto, wilaya kwa wilaya. Hesabu hizo zimefunua jambo lililokuwa likifichwa majumbani, na zimetuonesha kwamba wengi wa wanaodhurika ni watoto. Ikiwa jambo zito na la aibu kama hilo limewezekana kuhesabiwa na kutangazwa, basi unyang'anyi, majeraha na uvunjaji wa nyumba navyo vitangazwe vivyo hivyo, na vifikishwe hadi ngazi ya shehia. Wilaya ni kubwa mno. Ndani yake mna mitaa iliyo salama na mitaa inayolia.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuipaka matope mitaa na kuwatisha wageni. Hatukubaliani nao. Uvumi umekwisha kuipaka matope, tena bila ya ushahidi. Kijana asiye na hatia hutiliwa shaka kwa jina la mtaa wake tu. Hesabu ya kweli humtetea yeye, na humwelekeza askari wa doria pale anapohitajiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano. Sheha yuko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Tofauti hiyo ya mamlaka isiwe kisingizio cha kila mmoja kumtupia mwenziwe mzigo. Tunapendekeza mkuu wa kituo na sheha wakae pamoja na wakaazi kila baada ya miezi mitatu, wawasomee matukio yaliyoripotiwa, kesi zilizofikishwa mahakamani na zilizokwama, na sababu zake. Majina ya walalamikaji yahifadhiwe. Palipo na kiza, baraza la manispaa liulizwe taa zitawekwa lini.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tukio lisiloripotiwa haliwezi kuhesabiwa. Shahidi anayekataa kufika mahakamani, na jamaa wanaomaliza kesi ya jinai kwa suluhu ya kifamilia, humrudishia mhalifu panga lake. Wala kumpiga mshukiwa hadi kufa si ulinzi. Ni uhalifu mwengine.

Usalama ni haki ya kila mtaa. Viongozi waanze kwa kutuambia ukweli, nasi tuanze kwa kuusema.