Vifaranga wa jirani au wa kampuni?

Nina shangazi anayeishi nje kidogo ya mji wa Litein, Kaunti ya Kericho, ambako majani chai yamepandwa hadi karibu na mlango wa jikoni. Juma lililopita alinipigia simu. Bonasi ya chai imekaribia, na mwanawe aliye chuoni anamshikilia anunue vifaranga 100 kutoka kwa kampuni. Yeye mwenyewe anaona heri anunue kwa jirani. "Wewe unayeandika magazetini," akaniuliza, "waonaje?"

Swali hilo lilinichoma. Miaka kadhaa iliyopita, nikienda kumsalimu, nilipita sokoni nikamkuta kijana akiuza vifaranga kwenye katoni. Walikuwa wachangamfu na bei yao ilikuwa nafuu. Nikanunua 20 wawe zawadi. Sikuuliza walikototolewa wala kama walikuwa wamechanjwa. Tukawafungulia uani pamoja na kuku wa shangazi.

Haukupita muda wakaanza kuzubaa, kuhara kijani, na wengine kupinda shingo. Kufikia mwisho wa mwezi, uani palikuwa kimya. Walikufa wale niliowaleta, wakafa na kuku wake wa siku nyingi ambao mayai yao yalikuwa yakimnunulia mwanawe vitabu. Afisa wa mifugo alitueleza kwamba ulikuwa ugonjwa wa Newcastle, ambao wengi huuita kideri. Hauna tiba, una chanjo tu. Shangazi hakunilaumu. Alichukua ufagio akafagia.

Je, hii ina maana kwamba vifaranga wa jirani hawafai? La hasha! Kuku wa kienyeji ana sifa zake. Amezoea baridi na mvua ya huku, anajitafutia chakula, anamkimbia mwewe, na anaatamia mayai yake kwa siku 21 kisha analea mwenyewe. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Kwa mfugaji asiye na mtaji, kuku huyo ni mashine ya kutotolesha isiyohitaji umeme. Isitoshe, kwa jirani unaweza kwenda ukaona mama wa vifaranga kwa macho yako.

Kasoro ni kwamba hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, na aghalabu vifaranga wake hawana chanjo yoyote.

Wa kampuni nao wana yao. Mbali na kampuni za binafsi, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, hutotolesha kuku wa kienyeji walioboreshwa katika kituo chake cha Naivasha. Kuku wa aina hiyo akilishwa vyema anaweza kutaga zaidi ya mayai 150 kwa mwaka. Kituo kizuri huwachanja vifaranga dhidi ya Marek siku ile ile wanapoanguliwa, jambo ambalo ni vigumu kufanyika nyumbani. Kifaranga wa siku moja pia anastahimili safari, kwa kuwa kiini cha yai kilichosalia tumboni humlisha kwa siku mbili tatu.

Lakini huyo ni yatima. Hana mama wa kumfunika, na Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Juma la kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila juma. Ukiona wamerundikana pamoja wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakitweta, joto limezidi. Ukitumia jiko la makaa, acha nafasi ya hewa kupita, kwani moshi na hewa ya makaa huua kimya kimya. Pia, kuku hawa wengi wamesahau kuatamia, hivyo ukitaka kizazi kingine itakubidi ununue tena.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kutoa pesa uliza maswali haya, uwe kwa jirani au kwa kampuni: Wametotolewa lini na wapi? Wamepata chanjo gani, na ipi inafuata? Ni majike matupu au wamechanganyika? Wakiwa wamechanganyika, tarajia karibu nusu kuwa majogoo. Muuzaji anayekasirishwa na maswali, mwache na katoni yake.

Chanjo hazikomi siku ya kwanza. Ya Newcastle hutolewa karibu na siku ya saba kisha hurudiwa; ya Gumboro huanza karibu na juma la pili. Mwone afisa wa mifugo akupe ratiba ya eneo lako. Chupa moja huweza kutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Hivyo wenye kuku wachache wafanye kama wafanyavyo kwenye chama: waelewane siku moja, wachange, wachanje pamoja. Na kuku yeyote mgeni akae peke yake majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganyika na wenyeji.

Usidanganywe na bei pekee. Tuseme umenunua vifaranga 50 kwa shilingi 100 kila mmoja, jumla 5,000. Wakifa 30, kila mmoja wa wale 20 waliosalia amekugharimu shilingi 250, kabla hujahesabu chakula.

Nilimshauri shangazi asianze na 100. Aanze na 30 kutoka kituo kinachotoa rekodi ya chanjo, awalee mbali na uani, na bonasi iliyosalia ainunulie chakula, kwa kuwa itapita miezi mitano au zaidi kabla hajaokota yai la kwanza. Kuku wawili wa kienyeji wa jirani wanaweza kufuata baadaye, wakishachanjwa, ili wamsaidie kuatamia.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Vyema. Basi hao 30 utawanunua wewe."

Nami nitawanunua, msomaji. Dawa ya deni ni kulipa. Safari hii nitauliza kwanza.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.