Pasaka Jijini, na Mama Naye Apumzike

Mama mpendwa, Pasaka ina siku nne za mapumziko zinazofuatana: Ijumaa Kuu, Jumamosi, Jumapili yenyewe na Jumatatu ya Pasaka. Kwa familia nyingi za mikoani, huu ndio wakati watoto wanapoanza kuuliza, "Mama, mwaka huu tutakwenda Dar?" Swali hilo ni jema. Mtoto anayeiona bahari kwa mara ya kwanza hurudi na hadithi za mwaka mzima.

Lakini sisi akina mama tunajua jambo ambalo watoto hawalijui. Mara nyingi safari ya familia ni kazi ile ile ya mama, iliyohamishwa kutoka jiko moja kwenda jiko jingine. Tunafunga mizigo usiku wa manane, tunafika na kuanza kufua, tunapika, tunalaza watoto, na tukirudi nyumbani tunakuta unga umekwisha na fedha haipo. Sisi tunaohudumu kliniki huwaona akina mama hao wiki inayofuata sikukuu. Mtoto anaharisha, na mama mwenyewe macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ukimwuliza safari ilikuwaje, anacheka tu na kutikisa kichwa.

Basi mwezi huu tupange safari ambayo mama naye atakuwa msafiri. Tuchukue mfano wa familia ya Dodoma inayotaka kwenda Dar es Salaam: baba, mama, na watoto watatu wenye umri wa miaka 13, 9 na 3.

Kaeni na baba watoto mapema

Mwezi mmoja kabla ya safari, baada ya chakula cha jioni, kaeni wawili na karatasi. Msingoje wiki ya mwisho, kwa maana wiki hiyo kila mtu husafiri na tiketi huwa shida.

Siku hizi kuna treni ya reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Safari ambayo kwa basi ilikuwa ikila siku nzima, sasa huchukua saa nne hivi. Treni hiyo ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu, na aliye chini ya miaka 4 hakulipa. Kwa viwango hivyo, familia yetu ingehitaji shilingi 108,500 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Jumla shilingi 217,000. Ulizeni nauli ya sasa kabla ya kuandika hesabu yenu, na wekeni vitambulisho tayari wakati wa kukata tiketi.

Karatasi hiyo igawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya kuzunguka mjini. La pili ni chakula na matembezi. La tatu tuliite fungu la Jumanne, yaani siku mtakapoamka nyumbani baada ya sikukuu: unga, mafuta, sabuni, nauli za watoto za shule. Fungu hili lifungwe kwanza, tena liachwe nyumbani au kwenye simu ya yule asiyeshawishika upesi dukani. Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aliyezunguka chombo chote mwisho hurudi pale pale katikati.

Fedha ikipungua, punguzeni matembezi au ahirisheni hadi sikukuu nyingine. Ada ya shule isiguswe, wala msikope kwenye kikoba kwa ajili ya safari ya siku tatu.

Mwenyeji naye ni mama

Wengi wetu tutafikia kwa ndugu, na hilo ni jambo la heri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona kama mgeni ametoa taarifa. Mpigie wifi yako simu wiki tatu kabla. Usimwambie, "Tunakuja Pasaka." Mwulize, "Wifi, Pasaka mna mipango gani? Tukija watu watano kwa siku mbili itakuwaje?" Hapo umempa nafasi ya kusema ukweli. Pengine naye anapokea wakwe. Pengine nyumba yao ina vyumba viwili, au maji hayatoki kila siku.

Akikubali, mwulize mnalala wapi, na kama mbebe mashuka na chandarua. Msiende mikono mitupu. Kutoka Dodoma, dumu la mafuta ya alizeti na mfuko wa karanga ni zawadi zinazopokelewa kwa furaha katika jiko lolote la Dar es Salaam. Tena mpe fedha kidogo ya mboga na mkaa au gesi siku ile ile mnapofika, kabla hajaingia sokoni. Ukimpa siku ya kuondoka, ameshakopa.

Hapa kuna jambo la kulitazama kwa makini. Tunapozungumza juu ya mama kupumzika, pumziko la mama mmoja lisiwe mzigo wa mama mwingine. Wifi yako naye ana sikukuu. Kubalianeni tangu kwenye simu kwamba chakula cha Pasaka kitakuwa chepesi: pilau sufuria moja, kachumbari na matunda. Vyombo wataosha watoto wakubwa wa nyumba zote mbili, wa kiume na wa kike.

Kila mtu na kazi yake

Watoto wakiwa wamekaa, tangazeni kazi za safari. Baba anashika tiketi, simu na mizigo mikubwa. Mtoto wa miaka 13 anashika maji ya kunywa na mfuko wa chakula. Wa miaka 9 anafunga nguo zake mwenyewe, na mama anakagua tu. Dada wa kazi, kama yupo, apewe likizo na nauli yake. Naye ana wazazi wanaomngoja.

Kisha gawaneni watoto kwa majina. Katika Injili ya Luka, sura ya 2, tunasoma juu ya wazazi waliokwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Walipokuwa wakirudi, walitembea mwendo wa kutwa wakidhani mtoto wao yumo katika msafara pamoja na jamaa, kumbe amebaki mjini. Walikuwa wazazi wema, na msafara ulikuwa wa ndugu. Kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwingine. Mtoto hupotea hivyo hata leo, katikati ya watu wanaompenda. Kwa hiyo semeni wazi: "Kuanzia hapa stesheni hadi nyumbani kwa shangazi, mdogo ni wa mama, wa katikati ni wa baba." Mnapobadilishana, semeni tena. Mwekeeni kila mtoto mfukoni karatasi yenye majina ya wazazi na namba mbili za simu, maana simu moja inaweza kuzima.

Jambo moja kwa siku

Jiji ni kubwa, na nyinyi mna siku mbili na nusu. Ijumaa Kuu bakini nyumbani, mwende ibada na kufunga mizigo kwa utulivu. Jumamosi asubuhi pandeni treni. Kila siku chagueni jambo moja kubwa tu, linalobaki liwe ziada.

Jumamosi jioni, mkishapumzika, nendeni Kivukoni mkapande pantoni kuvuka kwenda Kigamboni na kurudi. Ni safari ya dakika chache kwa nauli ndogo, na mtoto ataikumbuka kuliko mnavyodhani. Mkiwa majini, mwonyesheni makanisa mawili ya kale karibu na bandari, la Kilutheri la Azania Front na lile la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalikamilika mwaka 1902, wakati wa Wajerumani.

Jumapili ni ibada, chakula na ufukwe. Jumatatu asubuhi, kabla ya treni ya kurudi, Makumbusho ya Taifa katika mtaa wa Shaaban Robert yanafaa sana kwa wanafunzi. Huko ndiko nyumbani kwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Pigeni simu kwanza kujua kama siku hiyo ya sikukuu wanafungua. Wenye watoto wadogo zaidi wanaweza kwenda Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, wakaone nyumba za asili za makabila yetu.

Kariakoo je? Jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hilo wasimulieni watoto. Lakini mtoto wa miaka 3 hana kazi katika msongamano wa soko siku ya mkesha wa Pasaka. Aende mzazi mmoja, na orodha mkononi.

Katika ratiba hiyo, andikeni nusu siku ya mama. Jumapili alasiri, kwa mfano, mama na wifi yake wakae kivulini wakiongea, na akina baba wawe na watoto. Iandikwe kabisa kwenye karatasi. Jambo lisiloandikwa huliwa na shughuli.

Bahari haina mazoea

Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Wavuvi wa pwani wanajua maana yake: karibu na mwezi mpevu kuna maji ya bamvua, bahari hujaa sana na kutoka sana. Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huweza kufika mita 3 hivi. Mahali mtoto alipochezea mchanga saa 4 asubuhi, alasiri panaweza kuwa na kina cha kumzidi kimo. Ulizeni wenyeji saa za maji kujaa. Mtu mzima mmoja asimame majini, uso umeelekea watoto, bila simu mkononi. Baada ya nusu saa abadilishwe. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, hunyamaza.

Mfuko wa dawa

Pasaka ni majira ya masika Dar es Salaam. Mvua huleta mbu na maji machafu. Wekeni katika mfuko mmoja:

Paketi za ORS, na chupa mnayojua ujazo wake. Somo la kuchanganya liko kwenye paketi. Lifuateni, msikadirie kwa macho. Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au anatapika kila anachokunywa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Parasetamoli ya homa. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ugonjwa huu huenezwa na mbu wanaouma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Vaeni nguo ndefu na kupaka dawa ya mbu. Akipata homa mtu, msimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana kama ni dengue dawa hizo zinaweza kuzidisha kutoka damu. Mkapime. Homa ikija hata wiki mbili baada ya kurudi, mwambieni mganga kwamba mlisafiri.

Dawa za kila siku za shinikizo la damu, kisukari au uzazi wa mpango, za kutosha siku za safari na tatu za ziada. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kadi ya bima na kadi ya kliniki ya mtoto. Mama mjamzito abebe kadi yake, na kabla ya kukata tiketi amwone mkunga.

Sabuni kipande, na maji yaliyochemshwa au ya chupa. Mikono ioshwe kabla ya kula mihogo ya ufukweni.

Siku ya Jumanne

Rudini Jumatatu kabla ya usiku kuingia, ili watoto waoge na kulala. Chakula cha jioni hiyo kiwe kile mlichokiacha tayari: unga, dagaa, mafuta. Nguo chafu zinaweza kungoja hadi Jumamosi. Hakuna aliyewahi kuugua kwa sababu ya kapu la nguo.

Jumanne asubuhi fungueni lile fungu lenu. Mkilikuta lilivyo, watoto wamekwenda shule na sare safi, na mama amekwenda kazini au shambani akiwa na nguvu zake, basi safari ilikuwa njema. Baba watoto akisema, "Mwakani twende tena," mama naye ataitikia bila kutikisa kichwa.

Tunawatakia akina mama wote maandalizi mema. Karatasi na kalamu ziko wapi? Anzeni leo jioni.