Msindano umetoka wapi? Swali la mtoto, hesabu ya mzazi

Mtoto anayesafiri kwa basi kutoka Songea kwenda Makambako huanza maswali likikaribia Madaba. Miombo inapungua, inaanza miti mirefu iliyosimama kwa mistari. Nani kaipanda? Imetoka wapi? Wazazi wengi hujibu "ni ya mbao" na mazungumzo yakaishia hapo.

Mti huo ni msindano, wengine huuita paini. Kwa asili misindano ni miti ya kaskazini mwa dunia. Aina moja tu, ya Sumatra nchini Indonesia, ndiyo iliyovuka ikweta yenyewe. Afrika, misindano ya asili iko Morocco, Algeria na Tunisia. Misitu mikubwa kabisa ya misindano na jamaa zake imetanda Urusi, Kanada, Sweden na Finland, kwenye theluji. Majani membamba kama sindano, yenye nta, hayapotezi maji haraka.

Inayopandwa zaidi Nyanda za Juu Kusini, Sao Hill kwa mfano, ni Pinus patula, ambayo kwao ni milima ya Mexico. Ilikubali huku kwa sababu baridi na mvua vinafanana na vya kwao. Mtoto aokote sindano zake ahesabu: mara nyingi zinatoka tatu tatu. Tanzania nayo ina miti yake ya asili ya ukoo huo mpana, kama podo na mwangati, ila si misindano.

Baada ya swali la mtoto inakuja hesabu ya mzazi. Familia nyingi zimepanda misindano kwa ajili ya ada. Wazo ni zuri, tatizo ni miaka. Mbao nzuri hutaka mti wa miaka 18 hadi 25. Anayepanda mtoto akiingia darasa la kwanza, akitegemea ada ya kidato cha kwanza, atakata miti michanga: myembamba, ya bei ndogo. Tena msindano ukikatwa hauchipui kama mlingoti. Ni kupanda upya.

Kwa hiyo msindano ni mti wa chuo au wa mtaji wa kuanzia maisha, na hupandwa mtoto akiwa mchanga. Ada ya sekondari itafutwe kwenye mahindi, maharage au kahawa. Ndiyo maana baba na mama wakae pamoja kabla ya kununua miche. Shamba lote likijaa miti, familia itanunua unga miaka yote ya kusubiri.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, chanzo cha maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Mto Ruvuma wenyewe unaanzia milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea, kwa hiyo si jambo la mbali.

Pili, moto. Sindano zilizokauka na utomvu huwaka upesi. Kiangazi, watoto wanaowasha nyasi kutafuta panya wanaweza kuteketeza jasho la miaka 15 kwa mchana mmoja. Barabara ya kuzuia moto ilimwe mapema, na mtoto aambiwe wazi kwamba miti ile ni ada yake. Akijua hivyo, atakuwa mlinzi wa kwanza wa shamba.