Tusilitazame gobore tu, tutazame na kinachotiwa ndani

KILA polisi wa Tanzania wanapoonyesha silaha walizokamata, utaliona gobore, na kando yake baruti, goroli na vipande vya nondo. Macho ya wengi huishia kwenye gobore. Mimi nasema tuzitazame zaidi zile goroli na nondo, maana humo ndimo lilimo balaa.

Ndugu zangu mliorejea makwenu, na ninyi mnaovuka mpaka kila siku na bidhaa, gobore si kitu kigeni kwenu. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaruhusu zile za gumegume. Silaha ya kushindilia kwa mdomo ikabaki vijijini, na mafundi wetu wakajifunza kuiunda.

Tatizo ni kwamba mwenye gobore hujichagulia mwenyewe cha kupakia. Wazee walijua cha kuchagua. Kiswahili chenyewe kinatufundisha: madini ya risasi na kile kinachotoka bundukini vina jina moja. Risasi ni nzito na ni laini. Ikimpata mnyama hutanuka, ikatoboa tundu pana, naye akaanguka karibu. Frederick Selous, ambaye pori la akiba la kusini mwa Tanzania lilipewa jina lake, aliwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa bunduki ya kushindilia. Ilirusha tonge moja la robo ratili, yaani zaidi ya gramu 110. Zama za kuwinda pembe hivyo zimepita, lakini funzo la uzito limebaki.

Sasa linganisha na goroli. Goroli ya chuma yenye ukubwa sawa na tonge la risasi ina uzito wa asilimia 70 hivi tu. Ni ngumu, haitanuki. Kipande cha nondo ni kibaya zaidi: hakina umbo, hupinduka hewani, na hakuna ajuaye kitatua wapi. Kikikwama njiani kabla ya kuifikia baruti, mtutu unaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe.

Mnyama aliyepigwa hivyo hafi, anakimbia na jeraha. Nguruwe anakwenda kuoza porini, nyama ikapotea bure. Nyati anajificha kichakani, na kesho yake anayekutana naye si mwindaji bali ni mama aliyefuata kuni.

Atasema mtu kwamba risasi ni ghali na nondo inaokotwa. Lakini tonge moja linaloua ni rahisi kuliko vipande kumi vinavyojeruhi. Mwingine atasema risasi ni sumu. Hapo anasema kweli. Kwa hiyo nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa upana na kutupwa, na watoto wasipewe kabisa. Wala mtu asiyeyushe betri za gari jikoni ili apate risasi, kwani moshi wake utaidhuru nyumba nzima. Jimbo la California, Marekani, lilikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, na wawindaji wake wakahamia shaba.

Simtetei mwenye gobore la magendo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Asiye na kibali asiwinde, na asivuke mpaka na silaha. Lakini mwenye kibali naye afundishwe cha kupakia, tena kabla ya kupewa karatasi. Na wewe mfanyabiashara, ukijua kwamba goroli unazouziwa au kuziuza zinakwenda kwenye mtutu, usiseme hayakuhusu.

Asiye na risasi ifaayo, basi asifyatue.