Sungura wa pili nyumbani: Usiwatie banda moja siku ya kwanza



Juma hili safu yetu inazungumzia jambo ambalo wapo watakaoliona dogo. Nalo ni hili la kuleta sungura wa pili katika nyumba ambayo tayari ina sungura mmoja. Ufugaji wa sungura wa mapambo na wa kuchezewa na watoto umeenea katika nyumba zetu za mjini, hasa kwa vile paka huiba kitoweo na mbwa ana hukumu zake zinazojulikana. Sungura ni mpole, hana kelele, na nyama yake ni halali. Katika hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) iliyomo katika Sahihi Bukhari, sungura alikamatwa mahali paitwapo Marr Dhahran, akachinjwa, na Mtume (S.A.W.) akaletewa sehemu ya nyama yake akaipokea.

Tatizo linakuja pale baba anaporudi na sungura wa pili, pengine zawadi ya Idi, akamtumbukiza katika banda la yule wa kwanza na kusema, "Watazoeana wenyewe." Maoni yangu ni kwamba kauli hiyo ni kosa la kiafya, na pia ni dhulma kwa viumbe wawili ambao hawana pa kukimbilia.

Kwa nini wanapigana?

Wengi wetu tunamjua sungura kwa hadithi za bibi. Yule sungura mjanja wa porini, ambaye watu wa mwambao humwita pia kitungule, huishi peke yake na hachimbi shimo. Sungura tunayemfuga ni wa jamii nyingine. Asili yake ni Hispania na Ureno, na huko huishi kwa makundi ndani ya mashimo. Kwa hiyo ni kweli kwamba sungura wa nyumbani akiwa peke yake huwa mpweke, na anayetaka kumpatia mwenzake ana nia njema.

Lakini kundi hilo lina mipaka na lina daraja zake. Sungura ana tezi chini ya kidevu, na ukimwona anakisugua kidevu chake kwenye mlango wa banda au mguu wa kiti, anaweka alama kwamba hapo ni pake. Mkojo na kinyesi chake ni alama nyingine. Mgeni akiingizwa humo ghafla, mwenyeji humwona mvamizi. Wafugaji wazoefu wanalijua hili, ndiyo maana wakitaka kupandisha humpeleka jike kwa dume, wala hawampeleki dume kwa jike, kwani jike hulinda banda lake kwa meno.

Na meno hayo si ya mzaha. Madume wawili waliokomaa na ambao hawakuhasiwa huweza kuraruana korodani. Ngozi ya sungura ni nyembamba, hivyo jeraha dogo lililofichwa na manyoya hugeuka jipu bila mtu kujua.

Mtume (S.A.W.) amepokewa akikataza kuwachochea wanyama wapigane. Hadithi hiyo imo katika Abu Daud na Tirmidhi, na ingawa baadhi ya wanazuoni wameizungumzia isnadi yake, maana yake haina mgogoro. Mtu atasema yeye hakuwachochea. Ndugu yangu, ukiwafungia maadui wawili katika kisanduku kimoja ukaondoka, umebakisha nini?

Dume au jike?

Kabla ya kununua, jua jinsia ya uliye naye na ya unayemleta. Wauzaji wengi hukisia tu, hivyo mwombe bwana mifugo akuangalizie. Dume na jike wasiohasiwa watakuletea watoto, na si mara moja. Sungura hupata uwezo wa kuzaa akiwa na umri wa miezi minne hivi, hubeba mimba kwa siku 30 hadi 32, na jike huweza kushika mimba nyingine ndani ya saa chache baada ya kuzaa. Familia ya chumba na sebule itakuwa na sungura kumi kabla ya Idi nyingine.

Wanaopatana kwa urahisi zaidi ni dume na jike waliohasiwa. Kuhusu hukmu ya kuhasi, wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo waliokataza, na wapo waliojuzisha kwa mnyama anayeliwa ikiwa kuna maslahi, nao hutoa ushahidi wa hadithi ya kondoo wawili waliohasiwa ambao Mtume (S.A.W.) aliwachinja. Muulize shekhe wako. Ukiamua kufanya hivyo, kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, si ya kijana wa mtaani na wembe. Jua pia kwamba dume aliyehasiwa huweza kubaki na uwezo wa kumpa jike mimba kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo usiwaunganishe mapema.

Asiyeweza kuhasi anaweza kuchagua majike wawili waliozaliwa pamoja na hawajatenganishwa, au awafuge wawili katika mabanda yanayopakana. Kuonana na kunusana kupitia wavu ni bora kuliko upweke, na ni bora mara nyingi kuliko vita.

Siku kumi na nne za mwanzo

Mgeni akae mbali na mwenyeji kwa wiki mbili kamili, katika chombo chake, na maji na chakula chake. Mhudumie mwenyeji kwanza, kisha mgeni, halafu unawe. Katika muda huo mchunguze kila siku. Tazama masikio: ukoko wa rangi ya kahawia ni dalili ya utitiri. Tazama pua na miguu ya mbele: sungura mwenye mafua hufuta pua kwa mikono, hivyo manyoya ya hapo huwa yamelowa au kugandamana. Tazama kama anaharisha. Tazama mabaka yasiyo na manyoya. Sungura aliyekaa siku nzima bila kula ni mgonjwa wa dharura, usingoje kesho.

Wiki hizi mbili zinamlinda mwenyeji, na pia zinawalinda watoto wako. Utitiri wa upele wa sungura huweza kuwasha ngozi ya binadamu, na fangasi wa ngozi, yale mabaka ya duara ambayo huitwa choa au mashilingi, na kichwani mapunye, huhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtoto anayemkumbatia. Sisi tulio katika kazi ya tiba tunapomwona mtoto na mabaka hayo, swali mojawapo la kumwuliza mzazi ni kama kuna mnyama nyumbani.

Namna ya kuwazoesha

Baada ya wiki mbili, ikiwa wote ni wazima, weka mabanda yao karibu, lakini acha nafasi ya vidole vichache kati ya nyavu ili wasing'atane pua na vidole. Kila siku badilisha nyasi zao za kulalia, za huyu ziende kwa yule, ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Wape majani karibu na wavu, wale wakionana.

Wakitulia, wakutanishe mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupaweka alama. Kona ya ua iliyosafishwa, au ukumbini juu ya turubai, panafaa. Usitumie banda la mwenyeji. Chagua asubuhi au jioni, kwani sungura huteseka na joto na mchana wa mwambao si wakati wao. Anza na dakika kumi au kumi na tano, uwe umekaa hapo hapo, na uongeze muda siku hadi siku.

Wakikimbizana kidogo, au mmoja akimpanda mwenzake kwa muda mfupi, vumilia, wanapanga daraja. Lakini masikio yakilala nyuma huku mkia umesimama, wakinguruma, au wakizungukana kwa kasi, watenganishe kabla manyoya hayajaruka. Tumia ufagio au taulo nene, usiingize mkono. Dalili njema ni kula pamoja, kulala ubavu kwa ubavu, na kulambana kichwa. Wengine huchukua siku chache, wengine miezi. Usiwaache pamoja usiku mpaka wamekaa siku kadhaa bila ugomvi ukiwa unawatazama. Banda la pamoja lisafishwe upya, liwe na vyombo viwili vya maji, viwili vya chakula, na pa kujificha penye milango miwili ili mnyonge asibanwe.

Mtoto aking'atwa

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa ni nadra sana kwa sungura, lakini jeraha la meno huingiza vijidudu, na ipo hatari ya pepopunda. Mpeleke mtoto kituo cha afya pamoja na kadi yake ya kliniki ili chanjo zake ziangaliwe. Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu na wa moto, usisubiri.

Tahara na usafi

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa mwambao tunayafuata, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake inaliwa. Maliki na Hanbali wana kauli nyingine kwa mnyama anayeliwa. Vyovyote iwavyo, kiafya hukmu ni moja: sungura wasitembee juu ya miswala wala jikoni. Banda lisafishwe kila siku, maana wawili hutoa mkojo maradufu, na ile harufu kali inayochoma macho humdhuru mwenye pumu na huwadhuru sungura wenyewe. Mtoto akishawashika anawe kwa sabuni kabla ya kula. Udhu ni ibada, lakini maji matupu hayaondoi mafuta na uchafu wa banda kama sabuni inavyofanya.

Neno kwa wazazi

Sisemi watoto wasifuge. Mtume (S.A.W.) alimjua mtoto Abu Umayr na kindege chake, akamjali kindege hicho kilipokufa, wala hakumkataza kufuga. Lakini pia alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatufahamisha kwamba wanyama ni umma kama sisi.

Kwa hiyo kabla ya kumleta sungura wa pili, jiulize kama una nafasi ya mabanda mawili, wiki mbili za kumtenga, na mtu mzima wa kukaa nao kila siku mpaka wapatane. Kazi hiyo usimwachie mtoto wa miaka saba. Kama huna, mpe wa kwanza muda wako zaidi, na zawadi ya Idi iwe kitu kingine. Kama unavyo, basi mlete kwa utaratibu huu, na watoto wako watajifunza humo subira na huruma kwa viumbe.

Wabillahi tawfiq.